Kwaresima Niliyojinyima Chumvi

Mimi ni mtu wa kujilaumu. Mvua ikichelewa hapa Nyakasimbi, naanza kujiuliza nimefanya nini. Mama yangu mzazi alikuwa akisema kwamba kuku wa jirani akifa, mimi ndiye nitakayekwenda kuomba msamaha. Kwa hiyo, msomaji, ukiona najisema sana katika maandishi haya, nivumilie. Ndivyo nilivyo, na ugonjwa nilioupata ulijua mahali pa kunishika.

Nayaandika kwa ajili ya mtu yeyote anayechoka bila sababu, anayezidi kuwa mweusi bila kukaa juani, na anayetamani chumvi kuliko anavyotamani nyama. Huenda yuko mmoja Mabira au ng'ambo ya huko, amelala nyumbani anaitwa mvivu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi sikuyaficha. Sikujua kuwa ni maradhi, nilidhani ni tabia yangu mbaya.

Yalianza msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mimi nilikuwa hodari wa senene tangu usichana wangu Kituntu. Alfajiri wenzangu wakiwa bado wanapiga miayo, kikapu changu kimeshafika nusu. Mwaka ule niliketi kwenye nyasi zenye umande nikiwatazama wenzangu wakiokota. Miguu ilikataa. Domisiani, mume wangu, alipoona kikapu kitupu alicheka, akadhani nina mimba. Nami nikafurahi, maana binti yetu Anjela alikuwa amekwisha kuacha ziwa muda mrefu, na watu walikuwa wameanza kuuliza mdogo wake yuko wapi.

Mimba haikuwapo. Kilichokuwapo ni uchovu ambao sijui niueleze vipi. Usingizi haukuuondoa. Nikiinuka ghafla, nyumba yote inazunguka na macho yanaingia giza, nashika nguzo. Chakula kikawa kinanichefua. Nguo zikanilegea, kanga niliyokuwa naifunga mara moja nikaanza kuizungusha mara mbili. Halafu ngozi ikaanza mambo yake. Mistari ya viganja vyangu ikawa myeusi kama nimeshika masizi, fizi zikawa na madoa, na kovu la moto mkononi, la tangu utotoni, likaiva likawa jeusi tititi. Nilijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawasha.

"Mama Anjela, siku hizi unalala jikoni ndani ya chungu?" wanawake walinitania mtoni.

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nililia, kwa sababu Anjela naye alikuwa ameanza kunikimbia. Nikimnyooshea mikono, anaangalia viganja vyangu, kisha anageuka na kujificha nyuma ya bibi yake.

Bibi huyo ni mama mkwe wangu, Ma Koleta, ambaye sisi sote nyumbani tunamwita Mae. Anayejua maisha ya huku anajua kwamba heshima ya mwanamke ni kibanja chake, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Migomba ikiwa imetandikwa nyasi vizuri chini, maharage yamepaliwa, kahawa haijasongwa na magugu, basi mwenye nyumba anasalimiwa kwa sauti kubwa kutoka njiani. Kibanja chetu kiliota magugu. Mae, na mgongo wake ule uliokwisha kupinda, alichukua jembe akaanza kupalia sehemu yangu. Alipita mbele ya mlango wangu bila kusema kitu. Angenitukana, ningepumua. Nililala nikisikia jembe lake likigonga mawe, na kila pigo niliona kama ni langu.

Sasa nije kwenye chumvi. Wakati ule chumvi kwetu haikuwa kitu cha kuchezea. Iliyo nzuri ililetwa kutoka ng'ambo ya mto, kwa upande wa Uganda, ikiwa mawe ya kijivu, na duka la Mwarabu lilikuwa mbali na mara nyingi halikuwa nayo. Mae aliifunga kwenye jani la mgomba lililokauka, akaining'iniza juu ya moshi wa jiko, na kila mtu alijua kwamba mgao wa kwanza ni wa ng'ombe, ili wanenepe na watoe maziwa. Mimi nikaanza kuinyofoa. Kwanza punje, kisha kipande, kisha nikawa naficha kipande ndani ya shavu kama watu wazima wanavyofanya na kahawa ya kutafuna. Nilijua ni wizi. Nilijiapiza kila asubuhi, na kabla jua halijapanda ulimi wangu ulikuwa umeshanipeleka jikoni.

Siku moja Domisiani aliwakorogea ng'ombe maji ya chumvi kwenye birika la udongo la kunyweshea, akaenda kuwaita. Mimi nilifika kabla yao. Mae alinikuta nimepiga magoti, nimechota maji kwa viganja vyote viwili, nakunywa.

"Leokadia!"

"Abee, Mae."

"Unawaonjea kama imekolea?"

Nilijifuta kidevu nikatazama chini. Ng'ombe wenyewe walifika wakasimama wakinishangaa, na mmoja akanisukuma kwa pua, kwa haki kabisa. Tangu siku hiyo Mae alihamisha chumvi akaificha, nami sikumlaumu.

Baada ya Noeli baba mdogo wa mume wangu alikuja, akapewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akanywa kwanza, kisha akaanza kuzungumza kwa ile sauti ya upole inayotisha. Alisema binti wa watu ameonekana amechoka. Alisema ingekuwa vema nirudi kwetu Kituntu nikapumzike. Kila mtu pale alielewa maana ya kupumzika. Mwanamke anayerudishwa kwao kupumzika haitwi tena.

"Na Anjela?" nikauliza.

"Mtoto ni wa ukoo," akajibu. "Bibi yake yupo."

Domisiani alisema tungoje hadi Pasaka, tuone. Hakunitazama aliposema hivyo. Nilishukuru hata hivyo, maana wanaume wengine wasingengoja. Nikajua nimepewa muda wa kujirekebisha, na nisipojirekebisha, binti yangu atakua akiniona kama mgeni wa sikukuu.

Ndipo Kwaresima ikaingia. Sisi Wakatoliki tuna desturi ya kila mtu kuchagua kitu cha kujinyima. Wanaume huacha rubisi, au husema wameacha. Akina mama wengine huacha kahawa ya kutafuna. Mimi nilikwenda kuungama, nikamweleza padri uvivu wangu na ulafi wangu wa chumvi. Padri mzee wa watu alinipa sala fupi za malipizi, akaniambia niende kwa amani. Malipizi yale niliyaona madogo mno kwa dhambi zangu. Mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, nikamwahidi Mungu kwamba mpaka Pasaka sitaonja chumvi hata punje.

Niliwaza hivi: nikiushinda ulafi, Mungu atanirudishia nguvu, nitapalia, na sitapelekwa Kituntu. Mae alipoona napika mboga zangu pembeni bila chumvi, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa mara ya kwanza tangu senene alinichekea. Nakumbuka jinsi cheko lile lilivyonipa moyo, nami nikazidisha na kufunga.

Naomba anayesoma haya na ana dalili kama zangu asirudie nilichofanya. Wiki ya kwanza niliumwa kichwa. Kisha tumbo likaanza kukata, nikawa natapika hata maji. Misuli ya miguu ikajikunja yenyewe. Nilipotembea nilishika migomba mmoja baada ya mwingine kama mtoto anayejifunza. Watu kanisani wakaanza kunisifu kwa jinsi nilivyokonda kwa ajili ya Bwana, nami, Mungu anisamehe, nilifurahia sifa hizo.

Ijumaa Kuu, katika Njia ya Msalaba, tulipiga magoti pamoja. Wenzangu waliinuka, mimi sikuinuka. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Tazama ibada ya mama Anjela." Kisha nikaanguka na uso sakafuni, ibada ikaishia hapo.

Walionibeba kwenye machela ni majirani. Huku kwetu mgonjwa akizidiwa, wanaume wa kitongoji hupokezana mabegani, kilima kwa kilima, na asiyetokea hutozwa faini. Walikuwa wamefunga, hawakuwa wameweka kitu tumboni, na njia ya hospitali ya misheni ina milima. Nilisikia pumzi zao. Nilitaka kuwaambia wanitue, warudi wakasali Pasaka na wake zao, lakini ulimi ulikuwa mzito. Mae alitembea kando ya machela, amembeba Anjela mgongoni. Kila nilipofumbua macho niliona mguu mdogo wa mwanangu ukining'inia, na vumbi kwenye kisigino chake.

Hospitalini tuliwekwa barazani, kwenye mkeka, pamoja na wengine waliokuwa wakingoja. Mama mmoja mwenye mtoto wa homa alinisogezea nafasi ya kivuli. Sijui jina lake. Kwangu kivuli kile kilikuwa kikubwa kuliko mambo mengi niliyofanyiwa baadaye, na kwa kuwa mtoto wake alikuwa akilia, niliona haya kukipokea.

Daktari alikuwa Mzungu asiye na maneno mengi. Aliyezungumza nami ni Sista Veronika, Mhaya wa Muleba, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi. Walinitazama viganja, wakanifungua mdomo wakatazama fizi, wakanipima msukumo wa damu nimelala, kisha wakanikalisha wapime tena, nikazimia mikononi mwa Sista.

Nilipozinduka akaniuliza, "Umekuwa ukila nini?"

"Nimefunga, Sista. Ni Kwaresima."

"Umejinyima nini?"

"Chumvi."

Alimgeukia daktari akamwambia kwa Kizungu, na daktari akajishika kichwa. Halafu mambo yakaenda mbio. Wakanitundikia maji yenye chumvi na sukari mshipani, wakanichoma sindano nene ya mafuta. Kabla ya jua kuzama niliweza kuinua kichwa changu mwenyewe. Mae alikuwa ameketi chini karibu na kitanda, amefunika mdomo kwa kanga.

Mambo ya kidaktari siyawezi, nitaandika tu kama Sista Veronika alivyotueleza sisi wawili. Alisema juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hizo humwaga ndani ya damu vitu anavyoviita homoni. Moja huiambia figo isiiachie chumvi ikatoka na mkojo. Nyingine humpa mtu nguvu ya kusimama, ya kuhimili njaa, homa, jeraha na hofu.

"Zako zimekauka," alisema. "Uliwahi kuugua kifua?"

"Nikiwa mdogo. Nilikohoa mwaka mzima."

"Huenda kifua kile ndicho kilichozila. Sasa kichwani mwako kuna tezi nyingine, kazi yake ni kuziita hizi za figoni zifanye kazi. Inaita, haijibiwi, inazidi kuita kwa sauti. Ngozi ndiyo inayosikia kelele hiyo, ndiyo maana inakuwa nyeusi."

"Na chumvi?" aliuliza Mae. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Chumvi ilikuwa inamtoka kila siku kama maji kwenye chungu kilichopasuka. Hakuwa mlafi, mama. Mwili wake ulikuwa unatafuta dawa. Ile aliyokuwa anainyofoa ndiyo iliyomfikisha mpaka leo."

Mae aliinuka akatoka nje, akakaa huko mpaka Anjela alipoanza kumlilia. Mimi nililala nikifikiria jinsi nilivyouadhibu mwili wangu kwa kosa la kujaribu kuniokoa. Ungedhani hapo ningepumua, kwamba hatia imekwisha. Haikwisha, ilihama tu. Ilitoka kwenye chumvi ikaenda kwa wale wanaume wa machela, kwa Domisiani aliyekuwa akija kila baada ya siku chache na ndizi za kuchoma, na kwa Mae aliyeacha kibanja kizima kwa ajili yangu.

Nilikaa hospitalini mvua zote za masika. Asubuhi nilikunywa kikombe cha maji ya chumvi, jioni kingine. Sindano za mafuta ziliuma hata nikawa siwezi kuketi sawasawa, na Sista akanitania kwamba sasa nina sababu ya haki ya kulala. Mvua zilipopungua, vikaja vidonge kutoka Ulaya, dawa mpya, daktari alizipata kwa kuandikia watu wa kwao. Vidonge vile nilivimeza kila siku na naendelea kuvimeza mpaka leo. Siku ya tatu niliamka nikasikia njaa. Niliomba ndizi, nikala, nikaomba tena, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kabla ya kuniruhusu, Sista Veronika alimweka Mae mbele yake akamwonya kwa kidole. Nisikose dawa hata siku moja. Nikipata homa, au nikijeruhiwa, au nikifiwa, niongeze vidonge siku hiyohiyo, maana mwili wangu hauwezi tena kujiongezea wenyewe. Nikitapika dawa, nibebwe nije nichomwe sindano, wasingoje kuche. "Na chumvi yake isikatike," alisema. "Ikikatika, atakufa."

"Haitakatika," alijibu Mae.

Haya ndiyo niliyotaka mwenzangu ayashike, kama naye ana ugonjwa huu. Usione haya kuomba chumvi. Usingoje kuanguka kanisani. Na anayeishi na mgonjwa kama mimi asimhesabie siku za kulala.

Nilirudi nyumbani wakati wa kuchuma kahawa. Baba mdogo alikuja, akapewa rubisi, hakutaja tena habari ya kupumzika. Weusi wa viganja ulipungua polepole, na jioni moja Anjela alikuja mwenyewe, akakishika kiganja changu, akakigeuza pande zote mbili, akakikubali. Alikaa mapajani mwangu mpaka miguu ikafa ganzi, sikumwondoa.

Mae hakunirudishia jiko. Alisema moshi utanizungusha kichwa, nami nikatii, ingawa niliona haya kupakuliwa kama mgeni. Chakula changu kililetwa kwenye bakuli langu, kimekolea chumvi vizuri, na pembeni kikombe changu cha maji. Wao walikula jikoni. Nilipouliza, aliniambia, "Sisi tumeshashiba, kula wewe." Homa ilinipata mara moja, mwezi wa senene uliofuata. Mae mwenyewe ndiye aliyenihesabia vidonge vya nyongeza akasimama mbele yangu mpaka nikameza. Nilimwambia, "Mae, nimekutesa." Akanijibu nisiongee na dawa mdomoni.

Kwaresima ilirudi. Mwaka huo sikujinyima kitu, kwa amri ya Sista na ya padri pia. Pasaka ilipofika nilikuwa na nguvu za kutosha kwenda kuwasalimu wazazi wangu Kituntu. Domisiani alimpakia Anjela kwenye baiskeli akaisukuma, mimi nikatembea kando yao. Nilitembea njia nzima kwa miguu yangu, nikipumzika hapa na pale. Baba alichinja mbuzi. Nilipowapigia magoti kuwaambia shikamoo, mama yangu alinishika mashavu akalia, akasema nimerudia rangi yangu.

Tulikula sote pamoja kwenye mkeka. Mama alimchagulia Anjela kipande laini, akampulizia kipoe, akamtia mdomoni. Anjela alikunja uso. Akakitoa kile kipande, akakitazama, akakiweka haraka ndani ya bakuli langu. Kisha akajifuta ulimi kwa mkono.

"Humpendi mbuzi wa babu?" mama yangu akamuuliza.

"Wametia dawa ya mama," alisema Anjela.

"Dawa gani?" nikauliza.

"Hiyo yako. Ya kwenye jani." Alianza kulia. "Bibi alisema tusiile. Mimi na bibi na baba hatuili. Tukiila itakwisha, utakufa."

Nilimtazama Domisiani. Alikuwa ameinamia bakuli lake, na nikaona kwamba naye anakula taratibu sana, kama mtu anayekumbuka ladha aliyokuwa ameisahau. Tangu niliporudi kutoka hospitalini. Karibu mwaka mzima walikuwa wamekula ndizi na maharage na mboga bila chumvi, nyuma ya ukuta wa jikoni, wakanipakulia mimi yenye chumvi wakaniambia wameshashiba. Nilitamani kumkasirikia mtu, sikumpata.

Nilimpakata Anjela. Nilimwambia ipo ya kutosha, kwamba haitakwisha, kwamba hata akila sitakufa. Hakuniamini. Nikachukua kile kipande alichonitilia, nikakigawa, nusu nikaila mimi, nusu nikaipeleka mdomoni mwake. Alifungua mdomo kwa sababu ni mimi niliyemwomba. Lakini hakutafuna. Alikaa nacho shavuni, amenikazia macho, akinitazama kama nitaanguka.